Sili Pacha za Kinondoni

Serikali, baada ya kutafakari kwa kina, iliwatangazia raia wake watiifu wa Kinondoni kwamba kuanzia mwezi ule, mchanga ulipigwa marufuku kuingia ndani ya pampu ya maji.

Tangazo hilo alilisoma Projestus, karani wa Idara ya Vimiminika Vikwaruzavyo, akiwa amesimama juu ya debe lililofudikizwa pale bombani, kaptura yake imepigwa pasi hata ungedhani ingeweza kusimama bila mwenyewe. Alisoma kwa sauti ya padri siku ya Ijumaa Kuu. Tangazo lilikumbusha pia kanuni za zamani za bomba lile: maji ya Kinondoni ni maji ya daraja la tatu, kila mtu atajichotea mwenyewe, kutumana ni marufuku, na foleni ni foleni.

"Karani," akauliza mama mmoja, "mchanga umekatazwa kuingia kwenye pampu. Na kwenye matumbo yetu je?"

Projestus akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake, akairudisha. "Matumbo hayakutajwa," alisema. "Kwa hiyo hali ya matumbo inaendelea kama zamani."

Wanawake wakacheka, wakaendelea kuchota. Pale bombani palikuwa na kanuni moja tu ambayo Serikali haikuitunga: debe likijaa, aliye nyuma humtwisha aliye mbele. Debe la maji halina mpini na kingo zake hukata vidole. Peke yako hulifikishi kichwani. Hivyo foleni nzima ilikwenda kwa kutwishana, na hata waliokuwa hawasemezani walitwishana, kisha wakaendelea kununiana.

Lazima niitendee haki Serikali. Haikuwa na roho mbaya. Pampu ya Kinondoni ilivuta maji kutoka kisima kilichochimbwa bondeni upande wa Sinza, nayo yalikuja nusu maji nusu mchanga, na mchanga ule uliitesa pampu. Pampu ilikuwa imetoka Uingereza, peke yake, haina ndugu hapa wala mjomba. Serikali ilipoiona inatoa machozi shingoni, pale shafti, chuma kinachoizungusha, inapoingia, iliingiwa na huruma ambayo wakazi wa Kinondoni hawakuwahi kuiona kabla, wakaitazama kwa wivu.

Shingoni pale ndipo inapokaa sili. Ni pete mbili laini zinazobanana, moja inazunguka na shafti, nyingine imetulia, ili maji yasitoke nje. Mchanga ukipenya katikati yao, basi tena: unazisaga mpaka zinakuwa unga. Sasa wataalamu wa Ulaya walikuwa wamevumbua sili pacha. Unaweka sili mbili badala ya moja, na kati yao unaacha chumba kidogo unachokijaza maji mengine, maji safi. Kuna namna kadhaa za kuzipanga, na panapokuwa na namna kadhaa, Serikali huunda kamati.

Projestus akateuliwa katibu. Alirudi nyumbani siku hiyo anatembea kama mtu aliyebeba yai.

"Demetria mke wangu," alisema, "nimeingia kwenye kamati."

Demetria alikuwa anachagua mchanga kwenye mchele uliokwisha oshwa, maana mchele wa Kinondoni ulichaguliwa mara ya pili baada ya kuoshwa kwa maji yale. Alikuwa mwanamke wa Bukoba, aliyezaliwa karibu na ziwa, na tangu aje Dar es Salaam hakuwahi kunywa kikombe kimoja bila kutema. Wiki ile mumewe alikuwa amevunja kipande cha jino akila wali.

"Kamati ya kututoa mchanga?" aliuliza.

"Ya kuitoa mchanga pampu. Itawekewa sili pacha. Na katikati ya sili italetewa maji safi ya daraja la kwanza, kutoka bomba kuu la Wazungu."

Demetria akaacha mchele. Bomba kuu lilikuwa linapita nyuma ya jiko lake. Lilitoka kwenye matangi ya Serikali, likapita pembezoni mwa Kinondoni bila kusimama, likaenda zake Oysterbay kwa Wazungu. Usiku kukiwa kimya aliyasikia maji yale yakipita, kama bibi harusi anayepelekwa kwa watu wengine.

"Yaani pampu itakunywa maji safi, mie ninywe matope?"

"Pampu haiwezi kuvumilia mchanga," Projestus alieleza kwa upole.

"Basi na tumbo langu liwekewe sili." Akainuka, akalivuta sanduku lake la bati kutoka chini ya kitanda, akaliweka katikati ya chumba. "Nakwambia mapema, baba. Pasaka isinikute nachagua mchanga. Ikinikuta, napanda treni mpaka Mwanza, napanda meli, nakwenda kunywa maji kwetu."

Projestus alimpenda mkewe, na alimwogopa kiasi cha kutosha. Lakini alikuwa na mpango. Karani wa kawaida huishi Kinondoni. Karani mkuu hupewa nyumba yenye bomba ndani. Kamati ikifaulu, Bwana, Mzungu mkuu wa idara yake, angempandisha cheo kabla ya Pasaka, na Demetria angefungua maji safi jikoni kwake kwa vidole viwili. Alilitazama sanduku, akaona lililobaki ni kumfurahisha Bwana.

Bwana huyo aliitwa Wetherby, lakini mji mzima ulimwita Bwana Kanuni. Kamati ilikutana ofisini kwake. Upande wa Wahindi aliketi Abdulrasul, muuza mitambo wa mjini, aliyekuja na sili zake kwenye kitambaa safi. Upande wa Waafrika kiliwekwa kiti kitupu, kwa kuwa kanuni ilitaka kiti na haikutaja mtu. Projestus, katibu, alisimama.

"Bwana, ziko namna tatu," Abdulrasul alianza, akizipanga mezani. "Ya kwanza, sili mbili zinapeana mgongo."

"Kwa nini? Hii nagombana?" Bwana Kanuni aliuliza.

"Hazikugombana, Bwana. Ndivyo zinavyofanya kazi."

"Katika idara yangu watumishi hapana peana mgongo. Mfano mbaya. Nyingine."

"Ya pili, zinatazamana uso kwa uso."

Bwana akazitazama kwa muda, uso ukamkunjamana. "Hii itapiga soga."

"Ni chuma, Bwana."

"Watumishi wawili wakitazamana, kazi nakufa. Nyingine."

Abdulrasul akashusha pumzi. Alikuwa mtu mpole aliyewahi kuuza pampu kwa wamisionari na kwa wenye mashamba ya mkonge, na alidhani amekwisha kuona kila kitu. "Ya tatu, zinakaa foleni. Moja mbele, moja nyuma yake, zote zinaangalia upande mmoja. Lakini hii kwa maji ya mchanga siipendekezi, Bwana. Ile ya mbele inakula mchanga peke yake. Ya nyuma inakaa tu, inangoja."

Bwana Kanuni akaegemea kiti. Uso wake ulitulia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Vizuri sana," alisema. "Ndiyo Serikali hii. Mdogo iko mbele, nakula mchanga. Mkubwa iko nyuma, nangalia. Karani, andika: mkubwa hukaa nyuma."

Projestus akaandika, akapiga mstari chini.

Ikaja ajenda ya pili, nayo ndiyo iliyokuwa nzito: maji ya katikati. Abdulrasul akaeleza, mkono kifuani, kwamba yale maji safi yanatakiwa yawe na nguvu kuliko maji ya mchanga. Yakiwa na nguvu zaidi, mchanga hausogei karibu na sili. Na sili zikivuja, yatavuja maji safi kidogo tu, kuelekea ndani ya pampu. Pampu ingedumu miaka. Alisema pia kwamba ameleta vali ya upande mmoja, ya kuwekwa kwenye tawi linalotoka bomba kuu, ili maji safi yashuke pampuni na ya mchanga yasirudi juu.

Pangaboi lilizunguka.

"Ngoja," alisema Bwana Kanuni. "Hii maji yangu, ya daraja la kwanza, itavuja? Itaenda ndani ya maji ya daraja la tatu?"

"Kidogo sana. Matone."

"Itakunywa nani?"

"Watu wa Kinondoni, Bwana."

Bwana akawa mwekundu. Hakuwa na chuki na watu wa Kinondoni, mpishi wake alitoka hukohuko; lakini matone huanza kidogo, na kesho mtu atasikia utamu wake aulize mengi. Akasema jambo hilo haliwezekani. Abdulrasul akasema bila hilo sili zitakufa. Bwana akasema basi hakuna sili. Abdulrasul akaanza kuzikunja sili zake kwenye kitambaa.

Hapo Projestus aliiona nyumba yenye bomba ndani inakunjwa pamoja nazo. Akakohoa. Katibu haruhusiwi kusema, lakini kukohoa haikukatazwa.

"Sema," alisema Bwana.

"Bwana, nimefikiri habari ya kodi." Akaishusha kalamu. "Kodi hutoka chini ikaenda juu. Haijawahi kutoka juu ikaja chini, na nchi imetulia. Maji nayo yafuate desturi. Nguvu ya bomba kuu ipunguzwe, iwe chini ya nguvu ya pampu. Na ile vali ifungwe kwa kugeuzwa: yanayoshuka yazuiwe, yanayopanda yaruhusiwe. Hapo tone la daraja la kwanza halitafika Kinondoni kamwe."

Abdulrasul akamtazama Projestus kama mtu anayemtazama nduguye akinunua ng'ombe kipofu. "Na katikati ya sili tutaweka nini?"

"Tutajaza mara moja, siku ya ufunguzi," alisema Projestus. "Kwa heshima."

"Bwana, mchanga utakula sili, utapenya, utapanda kwenye bomba lenu. Mie nauza mitambo, lakini si vizuri nikuuzie hivi."

"Hapana shida, Abdulrasul," alisema Bwana Kanuni, macho yanang'aa. "Raia nataka kuchangia, sisi nazuia kwa nini?"

Kamati ikapitisha. Kura ya kiti kitupu ilihesabiwa kuwa imekubali.

Siku ya ufunguzi zilitundikwa bendera, bendi ya polisi ikapiga, na watu wa Kinondoni wakaja kwa wingi kuona pampu ikinyweshwa. Abdulrasul alikuja na mkewe Rubabbai, aliyejitanda mtandio wake mzuri. Bwana Kanuni alishika jagi la fedha lenye maji safi, akayamimina kwenye kichumba cha katikati ya sili kwa mkono wake mwenyewe, na watoto wakameza mate.

Kisha akahutubia. Alisema fikra hii ya maji kufuata desturi ya kodi ilimjia yeye, Wetherby, akiwa peke yake bafuni, na kwamba haijapata kufikiriwa popote katika dola. Rubabbai akapiga makofi. Projestus, aliyekuwa anatafsiri, alikwama katikati ya sentensi. Ilimbidi aseme kwa Kiswahili sanifu, mbele ya mkewe, kwamba fikra yake si yake.

Baada ya sherehe alimfuata Bwana, akainama, akakumbushia kwa mbali habari ya cheo. Bwana akampongeza kwa tafsiri nzuri. Akampa jagi alirudishe ofisini.

Nyumbani Demetria alilisukuma sanduku kwa mguu kutoka katikati ya chumba mpaka karibu na mlango, kisha akaendelea kupika. Projestus alikula wali wake taratibu, akitafuna upande wenye meno mazima, na ikamuuma moyoni kuliko jino.

Mlinzi wa pampu alikuwa Mzaramo mmoja aitwaye Mwishehe, mtu wa mizaha ambaye kazi yake ilikuwa kugeuza koki na kufukuza mbuzi. Wiki chache baada ya ufunguzi alianza kushangaa. Pampu ilinguruma, kisima kilivutwa, lakini maji bombani yalizidi kuwa haba.

"Karani," alimwambia Projestus, "pampu yako inakunywa kuliko sie. Yanaingia mengi, yanatoka kijiko. Yanakwenda wapi?"

"Yanachangia," Projestus alijibu kwa huzuni.

Ndivyo ilivyokuwa. Sili ya mbele ilikuwa imekula mchanga mpaka imekwisha, na ya nyuma, kama ilivyoamuliwa, ilikuwa inaangalia tu. Mchanga ulijaa kwenye chumba cha katikati, ukakuta vali imefunguliwa upande wa juu kwa azimio la kamati, ukaingia bomba kuu, ukaelekea Oysterbay pamoja na maji yake, kwa utaratibu, bila fujo yoyote.

Bwana Kanuni aligundua akiwa bafuni. Aliketi ndani ya beseni lake kubwa la kuogea, akafunga macho, mpishi wake akafungua bomba. Alipofumbua macho alikuwa ameketi kwenye uji wa ulezi. Inasemekana alipiga kelele, kisha akayaonja, kisha akapiga kelele tena. Nyumba ya pili walikuwa wanapika chai. Nyumba ya tatu walikuwa na wageni kutoka Nairobi.

Kesho yake kamati ikaitwa kwa dharura. Bwana Kanuni alikuwa na mchanga masikioni.

"Nani naleta hii fikra?" alinguruma, kidole kimeelekezwa kwa Projestus. "Nani nasema maji ipande?"

Projestus alifumba macho, akamwona Demetria ndani ya meli. Lakini Abdulrasul alikohoa, kama Projestus alivyokohoa kikao cha kwanza.

"Bwana, ulitueleza mwenyewe siku ya bendera. Ilikujia bafuni. Mji mzima ulisikia, mke wangu alipiga makofi mpaka bangili ikavunjika."

Kiti kitupu kilionekana kukubali tena. Mtu anaweza kuiba fikra, lakini kuirudisha ni kazi, hasa mbele ya watu waliokuja na bendi.

Mafundi walieleza kwamba bomba kuu, kuanzia tawi la Kinondoni mpaka Oysterbay, limejaa mchanga, na litafungwa kwa miezi kadhaa ili lisafishwe. Pampu imekufa, izimwe. Nguvu ya maji irudishwe kama zamani, na vali igeuzwe ilivyotakiwa. Maji safi yangefika mpaka kwenye tawi la Kinondoni, yapite ndani ya pampu iliyozimwa mpaka bombani, halafu basi. Mbele ya hapo pameziba. Bwana aliuliza ni wapi basi watu wa Oysterbay watapata maji safi. Wakamwambia ni mahali pamoja tu.

Hivyo Alhamisi Kuu, Mwishehe aligeuza koki ya pale bombani, na maji yakatoka meupe. Hayakuwa na hata punje. Mama mmoja akatia kidole, akakinyonya, akaanza kulia, wenzake wakamcheka huku nao wanafuta macho.

Mpishi wa Bwana Kanuni alikuwa wa kwanza kufika kutoka Oysterbay, na debe. Mwishehe akamrudisha.

"Ya kwako au ya Bwana?"

"Ya Bwana."

"Kutumana marufuku, ndugu yangu. Maji yakitokea Kinondoni ni ya daraja la tatu, na ya daraja la tatu kila mtu anajichotea mwenyewe. Mie sikuitunga. Muulize Karani."

Projestus alikuwapo. Akathibitisha kwamba kanuni haijafutwa, kwa kuwa mwenye kuifuta hajafika ofisini, bado hajaoga.

Jua lilipoanza kupungua, gari la Serikali lilikuja mpaka lilipozama kwenye mchanga wa njiani, na Bwana Kanuni akashuka akamalizia kwa miguu. Alikuwa na taulo shingoni na debe jipya mkononi. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye bomba. Aliyekuwa anachota ni Demetria, wa mwisho katika foleni ya jioni.

"Karani! Ambia hii mwanamke toka."

Projestus alimtazama mkewe, na mkewe akamtazama yeye. Sanduku lilikuwa mlangoni, na Pasaka ilikuwa Jumapili. Akavuta kaptura yake, akasimama wima kama siku ya tangazo.

"Bwana, kamati imekwisha amua," alisema. "Mkubwa hukaa nyuma."

Bwana alikodoa macho. Lakini neno kamati lina nguvu zake kwa mtu aliyelizoea. Akarudi nyuma hatua moja, akasimama nyuma ya Demetria, akingoja na kuangalia. Debe la Demetria likajaa mpaka ukingoni. Akajiwekea kata ya kanga kichwani, akajiinamisha, akangoja.

Hakuna kilichotokea.

"Nangoja nini?" aliuliza Bwana.

"Anangoja kutwishwa, Bwana," alisema Projestus. "Ni kanuni ya foleni. Aliye nyuma humtwisha aliye mbele."

"Kanuni?"

"Ya zamani kuliko idara."

Bwana Kanuni alisimama akipambana na nafsi yake. Kisha akaweka taulo chini, akainama, akalishika debe kwa kingo zake, akaguna, akalipandisha. Maji safi ya daraja la kwanza yakamwagika kifuani pake, yakamshuka mpaka kwenye soksi. Yalipanda kutoka chini kwenda juu, kwa mikono yake mwenyewe, mpaka yakatua juu ya kichwa cha Demetria.

"Ahsante, Bwana," alisema Demetria, akaondoka bila kumwaga tone. Alipofika nyumbani alilitua debe juu ya sanduku la bati, maana chumbani hapakuwa na mahali pengine pazuri pa kuweka maji, akaingia jikoni kuosha mchele aliouchagua mara moja tu.

Pale bombani Bwana Kanuni alikuwa anachota lake. Alijaza, akafunga koki, akajaribu kuliinua. Likamkata vidole, akaliacha. Akajaribu tena. Gari lilikuwa mbali na njia ilikuwa ya mchanga mtupu.

"Karani," alisema, anahema. "Sasa mimi. Nani natwisha mimi?"

"Aliye nyuma yako, Bwana."

Bwana Kanuni akageuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Mwishehe akafunga mlango wa nyumba ya pampu, akampa pole, akaenda zake. Projestus alisubiri kidogo kwa heshima, kisha akakumbuka kwamba nyumbani wali unaiva, naye akaaga. Alipotazama nyuma kutoka kwenye kona, mkubwa alikuwa ameketi kando ya debe lake, anangoja mdogo afike amtwishe.